Mguu wa Kushoto wa Mzee Otuoma

Ukimfunga mzee Otuoma kitambaa machoni ukamkalisha pale njia panda ya Usagara, atakuambia kila lori linalopita liko gia ya ngapi. Sio utani, watu walishajaribu. Jumapili moja walimfunga kwa kanga ya Suzana, mama wa chai wa pale pale, wakanyamaza wote. Semi moja likatoka kwenye kona kuelekea Kigongo. Mzee akanyanyua kidole: pili hiyo, sasa tatu, na huyu kijana hapa kwenye nne atachana. Hajamaliza kusema, krrrr, gia ikasaga meno. Watu walicheka mpaka chai zikamwagika, na Suzana akadai kanga yake, akisema kuanzia leo haifuliwi.

Hapo kwa Suzana ndo kijiwe cha Chuma Kizito. Chuma Kizito ni kundi la WhatsApp, watu ishirini na moja, ugonjwa wao mmoja: magari makubwa. Kuna madereva, kuna mafundi, kuna hata mmoja anauza sare za shule ambaye hajawahi kumiliki toroli lakini ukimuuliza saizi ya tairi la lori lolote anakujibu huku anatafuna. Wiki nzima wanatumiana picha na sauti, Jumapili wanakutana. Otuoma ni Msabato, ibada yake inaisha Jumamosi, kwa hiyo yeye anawahi benchi zuri. Wengine wanafika wakitoka misa, bado na mashati ya kunyooshwa.

Na kila Jumapili, sijui kama unaamini, ugomvi ni ule ule: oto au manyuo. Yaani gari linalojibadilishia gia lenyewe, au lile ambalo dereva anakanyaga klachi na kuvuta mti wa gia kwa mkono wake. Upande wa oto alikuwa Luhaga peke yake. Luhaga ni kijana wa Kisukuma, miaka thelathini na kitu, anaendesha semi jipya la oto hadi Kigali, na anasema akishuka Kigali mguu wake wa kushoto unauliza kwani tumesafiri? Wengine wote walikuwa manyuo, na kelele kubwa kuliko zote zilikuwa za fundi Venant.

Venant ndo huyu sasa. Mhaya wa Kamachumu, miaka hamsini na nane, ana gereji Mkolani, na mdomo wake hauna breki. Jumapili moja alisema gari la oto ni sawa na ugali wa kutafuniwa. Otuoma akamuuliza Mhaya, mla ndizi, amejua lini mambo ya ugali. Kijiwe kikaanguka kwa kicheko.

Luhaga aliwaacha wacheke, halafu akawaambia kitu ambacho hakuna aliyekiweka akilini. Alisema nyie mnaodharau oto, siku mkiipanda mtaua mtu. Mle hamna klachi. Kuna pedeli mbili tu, mafuta na breki, na breki yenyewe ni pana, imekaa mpaka pale klachi ingekuwepo. Yeye wiki ya kwanza sikio lilisikia injini inalia, mguu wa kushoto ukaruka wenyewe kukanyaga klachi, kumbe ni breki. Utingo wake akabusu kioo cha mbele. Ndo akafundishwa: ukipanda oto, mguu wa kushoto ukunje chini ya kiti, ujifanye umekatwa.

"Mi sikatwi mguu na gari," Venant akasema.

Sasa, ili ujue kwa nini hii stori inauma, lazima umjue Bi Kengele.

Bi Kengele ni gari la zimamoto. La zamani kweli, pua ndefu, taa kama macho ya mtu aliyeshtuka, na pembeni ya mlango imening'inia kengele ya shaba ya kuvuta kwa kamba, maana enzi zake mambo ya ving'ora bado. Lilikuwa la kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Misungwi, ambacho siku hizi kimekufa na mbuzi wanalala ndani. Pamba ikishika moto haisubiri, kwa hiyo kiwanda kilikuwa na gari lake chenyewe, na dereva wake alikuwa Otuoma.

Ukimuuliza alifikaje pale atakuambia ni kwa sababu ya kutapika. Amezaliwa Rorya, ukoo mzima wavuvi, yeye akipanda mtumbwi anatapika hata haujaachia mchanga. Baba yake akasema huyu apelekwe mahali hakuna maji. Akapelekwa kwa mjomba Misungwi, na huko akapewa kazi ya kubeba lita elfu nne za maji mgongoni kwa gari. Mungu naye ana utani wake.

Giaboksi ya Bi Kengele ilikuwa ya kizamani, haina huruma. Huwezi kukanyaga klachi mara moja ukaingiza gia, itakutukana mbele ya watu. Unakanyaga, unatoa gia, unaachia, unasubiri injini ishushe sauti hadi pale inapotakiwa, unakanyaga tena, ndo unaingiza. Klachi mbili kwa gia moja. Kale kamuda ka katikati, ka kusubiri, mzee aliyemfundisha Otuoma alikuwa anasema "mpe apumue". Otuoma akaokota neno hilo akalifanya dini. Mpe apumue. Ukimwahi anachana, ukimchelewesha anachana. Ni sikio tu.

Na Venant ndo alikuwa nyuma, kijana wa zimamoto, kazi yake kuvuta kengele. Mwaka tisini na sita ghala la kwanza liliwaka, marobota juu mpaka darini, na la pili liko jirani kabisa. Otuoma akaliingiza gari kinyumenyume kati ya yale maghala mawili, rangi ya mlango ikachemka mapovu, na Venant akapiga kengele wafanyakazi wakimbie mpaka ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba. Ghala la pili halikuungua. Kesho yake asubuhi Venant, mkono umefungwa bendeji, akamwamkia: "Shikamoo dereva." Otuoma akaitikia: "Marahaba kengele."

Ikawa ndo salamu yao. Miaka karibu thelathini. Msibani, sokoni, kwenye simu, shikamoo dereva, marahaba kengele. Hata Otuoma alipomfundisha Venant kuendesha, klachi mbili na kupumua na kila kitu, mtu pekee duniani aliyemfundisha, salamu haikubadilika.

Kiwanda kilipokufa meneja alimwandikia Otuoma barua kwamba gari ni lake. Likakaa nyuma ya nyumba Butimba chini ya mabati, kuku wa mkewe Roza wanatagia kwenye sanduku la mipira ya maji. Mwaka huu ndo Chuma Kizito wakaja na wazo: msafara. Magari yote makubwa ya zamani yatoke Usagara mpaka ziwani, Bi Kengele mbele, na kule wavute maji ya ziwa wayarushe juu watoto walowane. Otuoma hakulala siku mbili. Alikuwa hajamwendesha barabarani miaka kumi na moja. Alichotaka ni hicho tu, mara moja tena, kwa mkono wake na mguu wake, halafu hata likioza sawa.

Akampa Venant ufunguo akapige rangi na kurekebisha breki na pampu. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Shida ilikuwa mguu. Goti la kushoto la mzee lilikuwa limeanza kumsaliti. Kupanda ngazi sawa, kutembea sawa, lakini kukanyaga kitu kizito na kushikilia, linatetemeka kama jani. Na klachi ya Bi Kengele inataka mguu wa ng'ombe. Hakumwambia mtu, hata Roza. Jioni moja Venant amekuja kula sato, Roza yuko jikoni, ndo Otuoma akasogeza kiti akamwambia yeye peke yake. Akamwambia anafanya mazoezi, kila asubuhi anakanyaga gunia la mchanga mara mia, siku ikifika ataweza. Ila watu wasijue, maana wakijua watamwonea huruma, na dereva akishaonewa huruma kwisha habari yake.

Venant akajigonga kifuani. "Limeishia hapa."

Basi gunia likaendelea kukanyagwa. Mara mia, mara mia na hamsini. Roza alidhani mumewe amepata dawa ya kienyeji ya ajabu.

Lakini mambo yakaanza kuwa kimya. Otuoma akisema aende gereji, rangi haijakauka. Wiki ijayo, bado haijakauka. Rangi gani hiyo isiyokauka kama mto? Kwenye kundi nako kukapoa, watu waliokuwa wanatuma sauti arobaini kwa siku wakawa wanatuma vikatuni vya "asubuhi njema". Ugomvi wa oto na manyuo ukafa kabisa. Jumapili kwa Suzana Otuoma alimchokoza Luhaga kama kawaida, na Luhaga, ambaye huwa hakosi jibu, akaangalia kikombe chake.

Jumatano, siku nne kabla ya msafara, saa nane mchana, Otuoma amekaa kibarazani na mguu juu ya gunia, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kwenye kundi, kutoka kwa Malimi, yule mwenye tipa la mchanga. Otuoma akabonyeza.

"Jamani oto imekaa, leo tumeizungusha uani inateleza kama siagi. Sasa mzee asiambiwe mpaka siku yenyewe, si mguu wenyewe umeshakufa. Venant anaendesha, mzee tutamweka pembeni apunge mkono. Poster Venant amenionyesha, iko poa sana."

Akabaki ameishika simu. Kufumba na kufumbua ujumbe ukayeyuka, pakabaki yale maneno ya kijivu: ujumbe huu umefutwa. Sekunde kadhaa, Malimi akatuma kikatuni cha mikono inayosali. Yaani we fikiria, umefukua kaburi la mtu halafu unamtumia mikono inayosali.

Otuoma si mtu wa simu sana ila hakuwa mjinga. Ujumbe ulikuwa unaenda mahali pengine. Kumbe kulikuwa na kundi lingine. Kundi lile lile, watu wale wale, bila yeye.

Akachukua bodaboda mpaka Mkolani.

Bi Kengele alikuwa uani, amependeza mpaka macho yanauma. Nyekundu mpya, kengele imesuguliwa unajiona. Hakusalimia mtu. Alifungua mlango, akapanda, na wala hakuangalia chini, alifanya kama alivyofanya miaka yote: akanyoosha mguu wa kushoto kutafuta klachi. Mguu ukapita hewani. Ukatua kwenye bati tupu.

Akaangalia mkono wa kulia. Mti wa gia haupo. Pale ulipokuwa, kuna kikorokoro kidogo cha kusukuma, kimetolewa kwenye basi la mjini lililokufa.

Venant akatoka ofisini anafuta mikono. Alipomwona aliye juu, akasimama. Akajaribu hata hivyo:

"Shikamoo dereva."

Mzee akamuuliza giaboksi iko wapi. Venant akaanza kueleza haraka haraka, maneno yanakanyagana. Kwamba ni kwa ajili yake. Kwamba angeona aibu barabarani goti likimkataa, gari limejaa maji, watu wanaangalia. Kwamba na oto hata mtoto anaendesha. Kwamba ilikuwa iwe mshangao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa, kaka."

"Ndo maana mtu anaambiwa, omera, ndugu yangu. Ili aweze kukataa."

Venant akarudi nyuma hatua moja. Ukutani nyuma yake ilibandikwa ile poster. Picha ya Bi Kengele, na chini maandishi makubwa: Dereva, Fundi Venant. Otuoma aliisoma mpaka mwisho, herufi kwa herufi.

"Kwa hiyo mimi siwezi kuendesha hata hii ambayo hata mtoto anaendesha."

"Kamati ya msafara iliona..."

"Mguu wangu niliuweka kwako," Otuoma akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Sasa uko kwenye simu za watu wangapi?"

Venant akajibu akiangalia chini, kumi na tisa. Ishirini mwanzoni, lakini Luhaga alisema mzee aambiwe, wakamtoa.

Giaboksi ilikuwa nyuma ya choo, imefunikwa gunia, mti wa gia bado umesimama juu yake. Otuoma akaizungukia mara moja. Akashika kile kichwa cha gia, kile kidude cheusi cha kushikia ambacho namba zake zilifutika kwa kiganja chake mwenyewe, akakizungusha, akakifungua, akakitia mfukoni. Akaondoka. Ufunguo wa gari hakuuomba. Mafundi walisema bora angetukana.

Unaweza kusema gari si ni lake, angezuia tu. Roza alimwambia hivyo hivyo. Yeye akajibu azuie nini, gari lake walishalitoa moyo, lililobaki ni rangi. Ila Jumapili asubuhi alivaa shati lake la kaki la zimamoto na akaenda Usagara. Roza alidhani amesamehe. Hakusamehe. Alitaka kusikia.

Watu walikuwa wengi, wengine wamekaa juu ya mabati ya vibanda. Malori manane ya kizee yamepangwa, mbele kabisa Bi Kengele, Venant ndani na kofia mpya, Malimi nyuma ameshika kamba ya kengele. Watu wa Chuma Kizito walipomwona Otuoma kila mmoja akapata shughuli kwenye simu yake. Luhaga peke yake ndo alimfuata, akavua kofia.

"Nilijua, mzee. Wiki tano. Nikasema wakuambie, wakanitoa, nikanyamaza. Nisamehe."

Otuoma akamwangalia huyu kijana ambaye amempinga kila Jumapili mchana kweupe, kwa kelele, mbele ya macho yake. Akamwambia simama hapa.

Venant akawasha. Sasa kumbuka, Venant huyo oto alikuwa ameizungusha uani tu, mwendo wa kobe, hakuna mahali pa kukimbia. Hapa ni barabara kubwa, watu wanashangilia, kengele inalia, na wote wanamrekodi. Akaingia kwenye lami akakanyaga mafuta. Injini ikapanda. Ikapanda tena. Otuoma alikuwa amefumba macho, na kwenye giza lake akaisikia ile sauti inafika pale inapofikaga siku zote, pale pa kubadili, na kabla hajajizuia goti lake la kushoto likaruka.

Na mle ndani ya gari mguu mwingine wa kushoto ukaruka vile vile.

Ukakanyaga ile breki pana kwa nguvu zote za klachi ya kizamani. Bi Kengele alisimama kama aliyegonga ukuta. Malimi akaruka na kamba yake, kengele ikapiga mlio mmoja mkubwa halafu kimya, kofia ya Venant ikatoka dirishani. Lori la nyuma lilipindishiwa kwenye mchanga, likaponea kwenye benchi la Suzana. Hakuumia mtu. Halafu watu wakacheka. Walicheka, we acha tu, ile video mpaka Bukoba ilifika jioni ile ile.

Otuoma hakucheka. Ule mguu aliufundisha yeye. Kule kiwandani, Venant kijana, jasho linamtoka, yeye pembeni anamwambia sasa, sasa, mpe apumue. Mtu amekuficha mambo, amekuuza kwa watu kumi na tisa, na bado sikio lake ni sikio lako. Hicho ndo kilimchoma kuliko poster.

Venant akashuka. Akapita katikati ya vicheko vyote mpaka alipo Otuoma. Akamwomba apande, amalizie yeye mpaka ziwani. Klachi haipo, goti halitamsumbua, kila mtu anamtaka. Na kweli watu walianza kuita mzee, mzee. Kile kitu alichokuwa anakisubiri miaka kumi na moja kilikuwa hapo, mlango wazi, kinamsubiri yeye tu.

"Shikamoo dereva," Venant akasema, polepole.

Unajua huku kwetu shikamoo haikataliwi. Hata adui akikuamkia unaitikia, hata kwa nusu mdomo. Otuoma alichukua ufunguo mkononi mwa Venant, akageuka, akampa Luhaga.

"Wewe ndo una mguu mmoja. Peleka gari la watu."

Luhaga akapanda, akakunja mguu wa kushoto chini ya kiti, na Bi Kengele akaondoka laini, bila hata kushtuka. Otuoma akafumba macho tena kusikiliza. Akasubiri gia ya pili, akasubiri ya tatu. Sauti ilikuwa moja tu, ndefu, inasogea mbali kuelekea Buhongwa, haina pale pa kubadili.

"Hapumui," akasema.

Akamwambia Suzana chai. Venant alibaki amesimama palepale, mkono umefunguka kama bado ameshika ufunguo, mpaka utingo mmoja akamwomba asogee lori lipite.

Kundi la Chuma Kizito lipo mpaka leo. Otuoma hajatoka, ila haandiki. Kile kichwa cha gia kiko juu ya televisheni, na Roza akifuta vumbi anakiruka. Kila asubuhi saa moja kamili Venant anamtumia ujumbe, sio kwenye kundi, kwake mwenyewe: Shikamoo dereva. Otuoma angeweza kumzuia namba, wajukuu walishamwonyesha pa kubonyeza. Hataki. Kila asubuhi anaufungua, anausoma, anajua kwenye simu ya Venant zile tiki mbili zimegeuka bluu, halafu anaweka simu chini, anaenda kukanyaga gunia lake la mchanga.